Uwanja wa Viazini Uitwe kwa Jina la Nani

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki kina mwisho, lakini uamuzi hakina. Uamuzi nitawaachia ninyi. Kwa hiyo sikilizeni kama mahakimu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Juu kwenye nyanda za baridi, ambako mwezi wa saba umande huganda juu ya nyasi na kulia chini ya viatu kama sukari, kipo Chuo cha Ualimu Lwangilo. Kina wanachuo mia tatu, ng'ombe wanne na uwanja mmoja wa besiboli. Uwanja huo haukuwa na jina. Kwa kuwa umepakana na shamba la viazi la chuo, watu waliuita Viazini tu, na sheria ya kwanza ya wenyeji ilikuwa hii: mpira ukizama kwenye viazi, hakuna ruhusa ya kukanyaga tuta kuutafuta mpaka mpishi mkuu akubali.

Besiboli ililetwa na Mkufunzi Kihwele, anayefundisha hisabati. Alisoma Marekani, kwenye chuo kilichozungukwa na mahindi pande zote, na huko aliona jinsi vyuo vinavyocheza msimu mzima, wiki baada ya wiki, kisha vilivyo bora hukutana kwenye mashindano ya ubingwa. Katika mashindano hayo ukishindwa mara moja unasamehewa. Ukishindwa mara mbili unafungasha. Aliporudi nyumbani hakurudi na suti. Alirudi na sanduku la glovu. Miaka ikapita, vyuo sita vya nyanda zile vikajifunza mchezo, vikawa na msimu wao na ubingwa wao. Lwangilo walicheza miaka minane bila kombe. Kabati la vikombe ofisini kwa Mkuu wa Chuo lilikuwa na vikombe kweli, ila vya chai.

Mwaka wa tisa, kabla ya mechi ya kwanza, Mkuu wa Chuo, Bi. Mgimba, aliwaita wachezaji akawaonyesha ubao mpya ulioegemezwa ukutani. Ulikuwa umeandikwa UWANJA WA, kisha nafasi tupu.

"Mkileta ubingwa," akasema, "uwanja wetu utapata jina. Mkufunzi Kihwele ana desturi yake aliyotoka nayo huko: mpira wa mwisho wa fainali hupewa mtu mmoja, naye huandika jina lake juu yake. Jina litakaloandikwa kwenye mpira ndilo nitakaloliandika kwenye ubao. Moja tu. Fundi ameukata mfupi, na mbao nyingine sina."

Wanachuo wakacheka. Lakini kila mmoja aliitazama ile nafasi tupu akaipima kwa jina lake.

Sasa niwajulishe wanne kati yao.

Wa kwanza ni Lutengano, mrushaji. Kwao ni Rungwe, na utoto wake aliumaliza kwenye shamba la mahindi akifukuza ngedere kwa madongo. Bibi yake hakutaka ngedere waumizwe, alitaka waogope. Basi Lutengano alijifunza kupitisha dongo kati ya sikio la ngedere na bua la hindi bila kugusa kimojawapo. Katika besiboli, mrushaji humrushia mpira mpigaji wa upande wa pili, na mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Wakitoka watatu, zamu ya timu yao imekwisha. Mkono wa Lutengano uliwatoa watu bila kelele, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemenya karanga.

Wa pili ni Tusekile, na huyu hakuwahi kuvaa glovu. Ana pumu; akikimbia hatua thelathini kifua chake hupiga filimbi. Alipokuja kuomba nafasi, Mkufunzi Kihwele alimpa daftari na penseli. "Andika kila kitu," akamwambia. Naye akaandika kila kitu: kila mpira uliorushwa, kila uliopigwa, nani ametoka, nani anafuata. Wenzake wakamwita Karani.

"Karani, leo nimekimbia vizuri, eti?"

Tusekile hufungua daftari taratibu. "Umekimbia vizuri sana. Ila kituo ulichokimbilia kilikuwa na mtu."

Wa tatu ni Gaudensi, mwenye gongo. Baba yake, Mzee Ngailo, ni seremala, na magongo yote ya Lwangilo yalitoka kwenye karakana yake: ya mkaratusi, mazito, yamepigwa msasa mpaka yanateleza. Mzee mwenyewe alikuwa hajawahi kuuona mchezo, na moyoni aliamini kwamba wanachuo wanapondea kitu. Msimu huo Gaudensi alipiga mpira safi, pigo la kumfikisha kituoni salama, katika kila mechi. Mechi kumi za msimu na mechi nne za mashindano, hakukosa hata moja. Hakuna mtu wa vyuo vyote sita aliyewahi kufanya hivyo.

Wa nne ni Mbwilo. Mfupi, mwepesi, na mpigaji dhaifu kuliko wote; daftari la Tusekile lilisema hivyo bila huruma. Lakini miguu! Alikulia milimani, nyumbani ng'ambo hii ya bonde, shule ng'ambo ile, na kengele haikuwa inamngoja mtu. Katika mchezo huu mtu hukimbia kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili, cha pili kwenda cha tatu, na akirudi salama pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, timu yake imepata alama moja. Mbwilo akishafika kituo cha kwanza, warushaji wa watu hupata kizunguzungu kwa kugeuka kumchungulia.

Hao ndio wanne. Mkono, penseli, gongo na miguu.

Lwangilo wakacheza msimu mzuri kuliko yote iliyotangulia. Wapishi walianza kutoka jikoni na miiko yao kuja kutazama. Katika mashindano ya ubingwa walishindwa mechi ya kwanza, wakasamehewa, kisha wakashinda tatu mfululizo huku kila moja ikiwa na kisu shingoni. Mpaka wakaifikia fainali, pale pale Viazini, dhidi ya Chuo cha Kilimo Nyasengwa, mabingwa wa miaka mitatu. Nyasengwa nao walikuwa wameshashindwa mara moja. Siku hiyo hapakuwa na msamaha kwa yeyote.

Asubuhi ya fainali ukungu ulikuwa mzito hata mtu wa mbali hukuweza kumwona ila kumsikia. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu ya jikoni. Mrushaji wa pili wa Lwangilo alikuwa amelazwa kwa homa, kwa hiyo zamu zote tisa za mchezo zilikuwa za Lutengano, atake asitake. Naye alikuwa na lengelenge kwenye kidole cha kati, lililotokana na mechi ya jana yake.

Katika zamu ya sita lengelenge likapasuka. Mkufunzi Kihwele akamfuata.

"Nionyeshe."

"Si kitu, Mkufunzi."

"Nimesema nionyeshe." Akakitazama kidole kilicho chekundu kama nyanya iliyomenywa. "Sheria hairuhusu mrushaji kufunga kitambaa mkono huu. Unajua?"

"Najua. Naomba chai."

"Ya kunywa?"

"Ya mvuke."

Tangu hapo, kila Lwangilo walipokwenda kupiga, Lutengano alikaa kwenye benchi na birika miguuni, kidole chake juu ya mdomo wa birika, kikipata joto. Kisha alirudi uwanjani na kurusha. Mpira mweupe ulianza kuwa na doa la waridi. Wapigaji wa Nyasengwa waliona, na mmoja akamwambia kwa sauti ya chini, "Pumzika, ndugu yangu, utakuja kuandikia nini ubaoni?" Lutengano akamjibu, "Mguu." Halafu akamtoa kwa mipira mitatu.

Hivyo ndivyo alivyofanya mkono. Zamu nane zilipokwisha, Nyasengwa, timu iliyozoea kupata alama kumi, ilikuwa na mbili tu. Na Lwangilo mbili.

Zamu ya tisa ikaanza, Nyasengwa wakipiga kwanza. Lutengano akatoa mmoja. Mwingine akapiga akafika kituo. Akatoa wa pili. Mwingine tena akafika. Sasa palikuwa na wakimbiaji wawili vituoni, na kumebaki mtu mmoja wa kutolewa.

Hapa tegeni sikio vizuri. Kila timu, kabla ya mchezo, humkabidhi mwamuzi orodha ya wapigaji tisa, na lazima wapige kwa kufuata orodha hiyo, kama wanafunzi kwenye foleni ya maji. Katika zamu ya nane mchezaji mmoja wa Nyasengwa alikuwa ameteguka kifundo, na namba kumi na saba akaingia mahali pake. Basi nafasi ya mgonjwa kwenye foleni ilikuwa ya namba kumi na saba. Lakini Nyasengwa, kwa ule moto wa dakika za mwisho, waliona mgonjwa ametoka wakadhani na zamu yake imetoka naye. Aliyeinuka na gongo alikuwa yule wa nyuma yake, mtu mkubwa waliyemwita Tingatinga.

Uwanja mzima haukuona. Mkufunzi Kihwele hakuona. Alikuwa upande wa pili wa uwanja akiwapanga wachezaji wake. Mwamuzi kama aliona hakusema, maana si kazi yake kusema mpaka aulizwe. Penseli ya Tusekile ndiyo iliyosimama katikati ya mstari.

Akafungua mdomo. Akaufunga.

Kwa sababu aliijua sheria kama anavyolijua jina lake. Akisema sasa, Tingatinga atarudishwa tu, namba kumi na saba ataletwa, na hakuna atakayekuwa amepoteza kitu. Lakini Tingatinga akipiga kabla ya zamu yake, ndipo kosa linapokamilika. Akikosa, ametoka. Akipiga, sheria itamtoa mwenye zamu, na vyote vilivyopatikana vitafutwa. Ila lipo sharti moja: lazima lalamiko litolewe kabla mpira mwingine haujarushwa. Ukirusha mmoja tu, kosa limesamehewa milele.

Lutengano akarusha. Tingatinga akapiga. Mpira ule uliruka juu ya vichwa, juu ya mstari wa majivu, ukaenda kuzama kwenye viazi, mbali. Wakimbiaji wote wawili wakaingia nyumbani, Tingatinga mwenyewe akaishia kituo cha pili. Nne kwa mbili! Nyasengwa wakarukiana. Mpishi mkuu wa Lwangilo akaangusha mwiko.

Lutengano akapewa mpira mpya. Alikuwa na hasira, na mwenye hasira hataki kungoja. Mpigaji aliyefuata akasimama tayari.

Tusekile akaita, "Mkufunzi!" Kelele zikaimeza sauti. Akaita tena. Hapo akanyanyuka, daftari mkononi, akakimbia. Akapita nyuma ya mwamuzi, kifua kikipiga filimbi, hatua arobaini, akamshika Mkufunzi Kihwele mkono wa koti.

"Omba... omba muda."

Mkufunzi Kihwele hakuuliza kwa nini. "Muda!"

Mwamuzi akainua mikono. Mkono wa Lutengano ulikuwa umeshakwenda nyuma. Ukabaki huko huko.

Tusekile alikuwa bado anatafuta pumzi. Aliweka tu kidole kwenye daftari. Mwamuzi akatoa orodha yake mfukoni, akalinganisha, akaifuatisha kwa ukucha jina kwa jina, akarudia tangu juu. Kisha akatangaza: mwenye zamu alikuwa namba kumi na saba, hakupiga, ametoka. Alama mbili zimefutwa. Watatu wametoka. Mbili kwa mbili.

Kocha wa Nyasengwa akaja, karatasi mkononi. "Binti, uliona tangu anasimama?"

"Niliona, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Na hukusema?"

"Orodha ni yako, Mwalimu," Tusekile akajibu kwa upole. "Mimi naandika tu."

Kocha yule aliitazama karatasi yake. Kisha akavua kofia.

Hivyo ndivyo ilivyofanya penseli.

Ikawa zamu ya Lwangilo. Wa kwanza wao akakosa mara tatu, akatoka. Wa pili alikuwa Mbwilo. Mrushaji wa Nyasengwa alihangaika naye, maana mpira lazima upite kati ya magoti na kifua cha mpigaji, na kwa Mbwilo nafasi hiyo ni kama dirisha la choo. Mipira minne ikapita pembeni, na mpigaji akirushiwa minne mibovu hupewa kituo cha kwanza bure.

"Mshikeni!" mtu wa Nyasengwa akapiga kelele. "Huyo mfupi ndiye mbaya!"

Walichelewa. Mrushaji alipoinua mguu, Mbwilo alikuwa ameshaondoka. Kituo cha pili. Mrushaji akamtazama, akamtazama tena, akarusha. Mbwilo hakuwepo alipomtazama. Kituo cha tatu. Sasa alikuwa hatua ishirini na saba kutoka nyumbani, na alama moja tu ilitosha kuleta ubingwa.

Na mpigaji aliyesimama alikuwa Gaudensi.

Siku hiyo Gaudensi alikuwa hajapiga hata mpira mmoja safi. Mara tatu alikwenda, mara tatu alirudi kichwa chini. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho, kwenye mechi yake ya mwisho, kwa kuwa mwezi uliofuata anamaliza chuo. Na pembeni, juu ya kreti lililogeuzwa, alikaa Mzee Ngailo, aliyekuja kwa lori la mbao ili kwa mara ya kwanza aone mti wake unafanya nini.

Mkufunzi Kihwele akagusa kofia, kisha akavuta sikio. Kila mchezaji wa Lwangilo aliijua ishara hiyo. Ilikuwa ya mguso.

Mguso si pigo. Ni kuuwekea mpira gongo tu, uanguke miguuni kama embe bovu. Wapinzani wakikimbilia kuuokota, aliye kituo cha tatu anaingia nyumbani. Lakini aliyegusa karibu kila mara hutolewa, na daftarini haandikiwi pigo.

Gaudensi akaomba muda akamfuata Mkufunzi.

"Mkufunzi, niache nipige."

"Umeiona ishara?"

"Nimeiona. Baba yuko pale."

"Nimemsalimia. Ametuletea magongo mawili mapya."

"Leo sijapata hata moja. Kumi na nne, Mkufunzi. Imebaki hii tu."

"Naijua hesabu, Gaude. Mimi ndiye niliyekufundisha." Mkufunzi Kihwele akamwekea mkono begani. "Ukipiga vizuri tunashinda. Ukipiga vibaya Mbwilo amekwama pale. Ukigusa, najua tunashinda. Siwezi kushika gongo badala yako. Nenda."

Gaudensi akarudi. Akamtazama baba yake. Akamtazama Mbwilo pale kituo cha tatu.

Na Mbwilo naye alikuwa na mtihani wake. Katika mguso wa namna hii, mkimbiaji hangoji kuona. Anaondoka mpira ukiwa bado hewani. Gongo likikosa, au mwenye gongo akibadili nia, mkimbiaji anakutana uso kwa uso njiani na mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mpira mkononi mwake, na ametolewa mbele ya watu wote. Mbwilo alikuwa ameona Gaudensi akimbembeleza Mkufunzi. Hakusikia walichoafikiana.

Mrushaji akainua mguu. Mbwilo akaondoka.

Gongo likashuka taratibu, likaugusa mpira, tk, mpira ukaanguka kwenye vumbi ukajiviringisha hatua tatu. Mrushaji akaurukia, akaona nyumbani amechelewa, akaurusha kituo cha kwanza. Gaudensi, aliyekimbia kwa nguvu zake zote, akatolewa kwa nusu hatua. Na huku Mbwilo alikuwa amelala kifudifudi, shati limechanika, kidevu kimejaa majivu, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kikiwa juu ya kibao cha nyumbani.

Tatu kwa mbili. Miaka tisa!

Hivyo ndivyo lilivyofanya gongo, na hivyo ndivyo ilivyofanya miguu.

Sitawaeleza kelele zile. Ng'ombe wanne wa chuo walikata kamba. Wapishi waliingia uwanjani na kukanyaga viazi vyao wenyewe. Mzee Ngailo peke yake alimfuata mwanawe akiwa amekunja uso.

"Gaudensi. Nilikuchongea gongo kilo nzima, uguse nalo?"

"Ndiyo kazi niliyopewa, baba."

"Na wale wanapiga kelele kwa ajili ya hicho?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akalichukua gongo, akaligeuza, akaliona doa dogo la vumbi pale mpira ulipogusa. Akalipangusa kwa mkono wa shati, kisha akabadili mawazo, akaliacha nusu yake. "Basi hili halipigwi msasa tena," akasema.

Mchezaji wa Nyasengwa aliyekuwa kituo cha kwanza alileta mpira wa mwisho, akamkabidhi Mkufunzi Kihwele kwa mikono miwili. Mchana huo huo wote wakaketi kwenye bwalo la chakula. Bi. Mgimba alikuwa ametoa vikombe vya chai kabatini ili kombe lipate nafasi, na kwa kuwa havikuwa na pa kurudi, chai ilinywewa humo. Mpira uliwekwa mezani. Kalamu ikawekwa kando yake.

"Kwa desturi," Mkufunzi Kihwele akaanza, "mpira huu ni wa aliyegusa nyumbani. Mbwilo, njoo."

Mbwilo akaja, akaushika, akaunusa, akautabasamia. Kisha akaurudisha mezani. "Nautaka, Mkufunzi. Nisidanganye. Niliondoka pale bila kujua kama mwenzangu atagusa au atapiga. Kama angepiga akakosa, mngenizika kwenye viazi. Lakini nikiandika peke yangu, Karani ataandika kwenye daftari lake kwamba nimekimbilia kituo kisicho changu."

Bwalo likacheka.

"Basi ni wa Lutengano," wakasema wa benchi la mbele. "Zamu tisa, kidole kimoja!"

"Mimi siukatai," Lutengano akasema, mkono umefungwa kitambaa hatimaye. "Damu iliyo juu ya ule mpira wa zamu ya sita si wino."

"Lakini Tingatinga alikupiga mpaka kwenye viazi," mtu akamchokoza. "Bila Karani tungekuwa tunalia sasa hivi."

"Na bila mimi," Lutengano akajibu, "mngekuwa mmelia tangu zamu ya pili."

"Karani hakukanyaga uwanja," mwingine akasema. "Uwanja utaitwaje kwa jina la mtu ambaye hachezi?"

Hapo Tusekile, ambaye siku zote akiulizwa hujibu kwa daftari, akalifunga daftari. "Nilikanyaga," akasema. "Hatua arobaini. Kwako wewe ni kidogo. Nami nautaka."

Gaudensi aliinamia kikombe chake. Ni Mzee Ngailo aliyeinuka, kofia mkononi.

"Mimi mchezo huu siujui," akasema. "Lakini nimeuliza, nikaambiwa huyu alikuwa na kitu chake, cha kumi na tano, ambacho hakuna mwingine angekipata, akakiacha. Hao wengine walitoa walichonacho wakabaki nacho. Mkono bado ni wake, macho ni yake, miguu ni yake. Mwanangu alitoa, hakubaki nacho. Nimemaliza."

"Mzee," Mbwilo akamwambia kwa heshima, "ni kweli. Ila yeye alitolewa, na daftari linasema hivyo."

"Daftari linasema alitolewa," Tusekile akaongeza. "Lakini nimechora duara kulizunguka neno hilo. Sijawahi kuchora duara msimu mzima."

Mkufunzi Kihwele, mtu wa hisabati, alichukua chaki, akajaribu kupiga hesabu ubaoni. Ondoa mkono, Lwangilo wameshindwa. Ondoa penseli, wameshindwa. Ondoa gongo, ondoa miguu, jibu ni lile lile. Akafuta ubao. Bi. Mgimba akawaita wapishi watoe rai, na wapishi wanne wakataja majina manne. Kisha mmoja akasema uwanja ubaki Viazini, wenzake wakamzomea, kwa maana viazi havikucheza.

Tangu siku hiyo mpira uko ndani ya kabati, kando ya kombe, mweupe, na kalamu imelazwa pembeni yake. Ubao umekwisha kusimikwa langoni mwa uwanja. Kila apitaye husoma UWANJA WA, kisha hutulia kidogo, kama mtu aliyeanza kutaja jina la rafiki yake.

Msimu mpya unafunguliwa Jumamosi, na Bi. Mgimba ameshanunua rangi. Ubao ni mfupi, jina ni moja. Mkono uliovumilia, penseli iliyongoja, gongo lililojinyima, miguu iliyoamini.

Haya, mahakimu wangu, kalamu hii hapa. Wewe ungeandika jina la nani? Na hao watatu wengine ungewatazama usoni ukawaambia nini?